Mbwa mdogo haumwi, hesabu ndiyo mbovu

Jamani wasomaji, programu yangu imeniaibisha. Niliiandika ipime mwendo wa mbwa kwa video ya simu, imtambue anayechechemea. Nikaijaribu kwa mbwa wawili wazima wakienda sambamba, mita 1.4 kwa sekunde. Mkubwa ikasema mzima. Mdogo ikasema ana kasoro!

Kosa ni langu: niliwapimia wote kwa kiwango kimoja. Kwa kasi hiyo, mwenye mguu wa sentimita 60 anatembea tu. Wa sentimita 20 lazima aende mchakamchaka, miguu ikigusa chini jozi kwa jozi, kimshazari.

Dawa yake ni namba ya Froude: kasi mara kasi, gawanya kwa mvutano wa dunia (9.81) mara urefu wa mguu. Mkubwa anapata 0.33, mdogo 1.0. Wanyama wengi huacha kutembea na kuanza mchakamchaka wakikaribia 0.5.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: programu isiyouliza urefu wa mguu isipelekwe kwa daktari wa mifugo. Mbwa mzima atameza dawa bure, na mgonjwa atarudishwa nyumbani na maumivu yake. Mnaonaje?