Usilichome daftari

Wiki iliyopita mama mmoja anayevusha vitenge na maharage pale Gatuna alinifuata ofisini akiwa na daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mdogo wake ana duka Marekani. Kwa miaka kadhaa amekuwa akipokea dola za watu wetu waishio huko, naye dada akiwalipa jamaa zao huku, kila jina na kila kiasi kikiandikwa. Sasa wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani wamebisha hodi dukani. Usiku huo huo simu ikalia: "Dada, lichome lile daftari."

"Nilichome, mzee?" akaniuliza.

Nilimwambia asithubutu. Naandika haya kwa sababu najua madaftari ya namna hiyo ni mengi hapa mpakani.

Kwetu kazi hiyo huitwa msaada. Kule, kutuma fedha za watu bila leseni ni kosa la serikali kuu, na kifungo chake hufika miaka 5. Kugawanya fedha taslimu mafungu mafungu chini ya dola 10,000 ili benki isitoe taarifa ni kosa pia, hata kama fedha ni za jasho. Lakini kuharibu kumbukumbu ili kuzuia upelelezi kunaweza kuleta miaka 20, kwa sheria ya mwaka 2002. Kumdanganya mpelelezi, hata bila kula kiapo, ni hadi miaka 5.

Tajiri Martha Stewart alifungwa miezi 5 mwaka 2004. Shtaka la ulaghai wa hisa jaji alilitupa. Kilichomtia hatiani ni uongo na kuzuia upelelezi.

Basi aliyebishiwa hodi aseme maneno machache: "Nitazungumza wakili wangu akiwapo." Kisha anyamaze, atunze kila karatasi, wala asijadili kesi na ndugu kwa simu. Wakili awe anayezijua mahakama za serikali kuu. Akishashtakiwa na hana uwezo, mahakama humpa wakili. Na kama si raia, aulize mapema juu ya kufukuzwa nchini. Tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani imesema wakili ana wajibu wa kumweleza hatari hiyo kabla hajakiri kosa. Wengi wa wanaotiwa hatiani huko hukiri.

Kabla ya hukumu, ofisa wa mahakama huandika ripoti juu ya maisha ya mshtakiwa: familia, afya, kazi, mali, madeni. Jaji huisoma, na magereza huitumia kuamua mtu apelekwe wapi. Ugonjwa na dawa anazotumia ziandikwe humo. Asiye raia asitarajie zile kambi zenye ulinzi hafifu zinazosimuliwa. Kwa kawaida hapelekwi huko.

Tena tusidanganyane kwamba atatoka nusu ya njia. Msamaha wa parole ulifutwa kwa makosa ya serikali kuu yaliyotendwa tangu Novemba 1987. Mwenye kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja anaweza kupunguziwa siku hadi 54 kwa kila mwaka akiwa na mwenendo mwema. Kwa hiyo mambo ya nyumbani yapangwe mapema: watoto watalelewa na nani, kodi ya nyumba italipwa na nani, nani atatia saini kwa niaba yake. Wapo watakaorudishwa kwetu baada ya kifungo, na wanapaswa kukuta mlango uko wazi.

Yule mama nilimkumbusha jambo moja. Daftari analotaka kulichoma ndilo linaloonyesha kwamba kila dola ilimfikia mwenyewe. Likiungua, mdogo wake atabaki na neno lake tu, na yeye dada atakuwa ameingia kwenye kesi isiyokuwa yake.

Alilifunga tena na kuondoka nalo. Naomba liwe bado liko salama.