Sisteme inajua kukata, haijui kurudisha

Wandugu vijana wa Bukavu,

Kama kuna maneno yenye tumechoka kusikia katika huu muji, ni haya: "Sisteme iko mubaya." Unatuma feza kwa simu, kwako inakatwa, kule haifike. Unapiga namba ya kulalamika, wanakuimbishia muziki dakika kumi, kisha simu inakatika. Unaenda ku ofisi yao, unapanga mustari tangu asubui, wanakuambia: "Rudia kisha siku tatu." Unarudia. Sisteme iko mubaya.

Leo tunataka kusema jambo moja. Hii sisteme haiko mubaya pande zote. Upande wa kukata, inatumika muzuri, usiku na muchana, hata siku ya yenga. Haijasahau hata mara moja kuchukua ada yake. Upande wa kurudisha ndio unaharibika kila siku. Kitu chenye kinaharibika upande mumoja tu, na kila mara ni upande wa mutu mudogo, tusikiite tena ajali. Kuna mutu mwenye anajua na mwenye amechagua kutokitengeneza, sababu yeye hapotezi kitu.

Juu ya nini inauma zaidi sasa? Zamani, kama simu ilikataa, mutu alienda ku banki. Tangu Februari 2025, wakati M23 iliingia Bukavu, mabanki yalifunga milango. Uwanja wa ndege wa Kavumu nao ulifungwa. Mushahara wa mwalimu, minervali ya mwanafunzi, dawa ya mugonjwa wa Panzi, feza yenye ndugu wa Kinshasa ao wa Ulaya anatuma: karibu yote inapita ndani ya simu. Kwa mama mwenye anauza ndizi ku soko ya Kadutu, dola 20 zenye zimekwama ni mutaji wake wa juma nzima. Kesho yake hana cha kupanga ku meza.

Na tusikosee adui. Yule dada ao yule mama mwenye kabine ku Essence ao ku Nyawera hakutengeneza hii sisteme. Mara nyingi feza yake yeye pia imekwama, na watu wanamutukana kutoka asubui mpaka mangaribi kwa kosa yenye hakufanya. Hasira yetu ipande juu, kwa wale wenye kutengeneza mashini na kupata faida.

Watatuambia kama ni ufundi, kama ni mambo magumu. Tuangalie jirani. Ku Kenya, Safaricom ilianzisha M-Pesa mwaka 2007. Leo kule, mbele feza itoke, jina ya mwenye kupokea inaonekana, na unapata sekunde chache za kusimamisha kama umekosea namba. Na kama imekwisha kwenda, unatuma ule ujumbe wa M-Pesa ku namba 456, wanaanza kuishugulikia. Mambo ya kule hayako kamili, lakini wanajua jambo moja ya maana: feza yenye imeenda kwa mutu mwingine inaweza kurudi tu kama hajaitoa. Kisha kutoa, imeisha. Basi mutu mwenye anakuambia "ngoja saa 48" anajua muzuri nini itatokea ndani ya hizo saa 48. Kuchelewa ndiyo hasara yenyewe.

Kuna tena mutego mwingine, wa kadi. Ili wakurudishie namba yenye imepotea, wanaomba kitambulisho. Wengi kati yetu tuko tu na kadi ya uchaguzi. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa hii inchi ilifanyika mwaka 1984, na tangu hapo raia anajitambulisha na kile anapata. Sasa kadi zenye CENI ilitoa mwaka 2023, nyingi zilianza kufutika wino mbele hata ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, na watu walipanga mistari kuomba duplikata. Mashini moja inatoa kadi yenye haisomeke, mashini ingine inakukatalia feza yako juu kadi haisomeke. Na wewe, mwenye hukukosa kitu, unazunguka katikati yao.

Je, tunaweza kufanya nini? Watu wengi wanasema: "Njo vile, tutafanya aje?" Tukumbuke RAM.

Mwaka 2020, ARPTC ilianzisha ile daftari ya masimu yenye waliita RAM. Walisema ni ya kupiganisha masimu ya kuibwa na ya uongo. Tukaona unite zetu zinakatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Kukata kulianza mara moja. Lakini kijana mwenye simu yake iliibiwa ku Nguba alipata musaada gani? Watu wakaandika, wakapiga makelele, harakati za vijana zikasimama, na mwaka 2021 mambo ikafika mpaka katika Bunge ku Kinshasa, waziri akaulizwa mbele ya inchi yote. Mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Mashini haikujitengeneza yenyewe. Ni raia walikataa pamoja.

Na hii si mambo ya Congo tu. Ku Uingereza, tangu 1999, posta iliweka programu ya hesabu yenye waliita Horizon, ya kampuni Fujitsu. Programu ilikuwa na makosa: ilionyesha feza imepotea wakati haikupotea. Wenye kusimamia maposta madogo walipiga simu kuomba musaada, na wengi waliambiwa: "Ni wewe peke yako mwenye uko na hiyo shida." Ilikuwa uongo. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kama wezi. Wengine walilala gereza, wengine waliuza nyumba ili walipe deni yenye haikukuwa. Mwaka 2009 mumoja wao, Alan Bates, aliita wenzake wakutane. Wakaona kama hakuna mwenye alikuwa peke yake. Watu 555 wakaenda ku tribinali pamoja, na mwaka 2019 juji akasema waziwazi: programu ilikuwa na makosa. Mwaka 2024 sheria ikafuta hukumu za mamia ya watu.

"Uko peke yako." Hayo ndiyo maneno yenye inalinda sisteme mubaya, ku Uingereza na ku Bukavu. Malalamiko yenye kila mutu anabeba peke yake inakufa ku mulango wa ofisi. Malalamiko 300, yenye tarehe, saa na namba ya muamala, inakuwa ushuhuda.

Kwa hiyo tunaomba makampuni ya simu, Banki Kuu ya Congo yenye kusimamia feza ya simu, na ARPTC yenye kusimamia rezo, mambo haya:

1. Mutu akisema amekosea namba ao feza haikufika, ile feza ifungwe palepale mpaka mambo ichunguzwe.
2. Kila malalamiko ipate namba yake kwa ujumbe, na tarehe ya mwisho ya kujibu.
3. Namba ya kulalamika iwe ya bure, na mutu ajibiwe kwa Kiswahili.
4. Kama rezo imeanguka, watu wajulishwe, na ada ya muamala wenye haukufika irudishwe bila kuombwa.
5. Mwenye kadi yake imefutika akubaliwe kwa njia ingine ya kujitambulisha.

Na sisi wenyewe, kazi ianze leo. Usifute ule ujumbe wa muamala. Andika siku, saa, kiasi, na jibu yenye walikupa. Usipatie mutu namba yako ya siri, hata akisema anatoka ku kampuni. Ndani ya kila avenue, Kadutu, Ibanda na Bagira, kijana mumoja akusanye za majirani bila kutangaza majina yao. Hatuombi mutu yeyote atoke ku barabara na kujitia hatarini. Tunajua tunaishi wakati gani. Tunaomba daftari na kalamu.

Siku yenye watatuambia tena "ni wewe peke yako", tuwawekee ile daftari mbele ya macho.