Mkimbizi, Mkimbiaji, Msimulizi

Katika Kiswahili, maneno mkimbizi na mkimbiaji yamezaliwa na kitenzi kimoja, kukimbia. Tofauti yao kimaumbo ni ndogo, bali kimaana ni kubwa: wa kwanza hukimbia kwa kulazimishwa, wa pili kwa hiari yake. Mwaka 2016 dunia nzima ilishuhudia watu wakivuka kutoka neno moja hadi jingine. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, watano kati ya wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi walikuwa wanariadha wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera.

Dunia iliwashangilia, kisha ikawasimulia. Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwanamichezo hutazamwa, si lazima asikike. Miguu ni yake, lakini hadithi yake imo mikononi mwa mwenye kamera, ambaye aghalabu hutoka mbali na kurudi mbali.

Ndiyo maana safari ya Ger Duany yastahili kuchunguzwa. Mzaliwa huyu wa Akobo, Sudan Kusini, alipata kuwa askari mtoto, akapitia kambi za Ethiopia na Kenya, kisha akahamia Marekani. Huko alicheza mpira wa kikapu chuoni. Mwaka 2004 aliingia katika uigizaji kwa filamu I Heart Huckabees, na mwaka 2014 akawa miongoni mwa wahusika wakuu wa The Good Lie, inayohusu vijana wa Sudan waliokulia Kakuma.

Je, hapo alikwisha kuwa msimulizi? Sidhani. Hadithi ile iliandikwa na Margaret Nagle na kuongozwa na Philippe Falardeau wa Kanada. Hata Kakuma tunayoiona humo ilipigwa picha Afrika Kusini. Kazi ni njema, lakini mwigizaji hutamka aliyoandikiwa. Hatua nzito zaidi ni filamu Ger: To Be Separate, aliyoshiriki kuitayarisha, inayomwonyesha akirejea kwao wakati wa kura ya maoni ya 2011. Kisarufi, alitoka katika kauli ya kutendwa akaingia katika kauli ya kutenda.

Duany aliipata nafasi hiyo ughaibuni. Vijana waliobaki je? Shirika la FilmAid limewafunza baadhi yao kutengeneza filamu humo humo kambini, hivyo hatuwezi kudai kwamba vipaji havipo. Wala suala hili si la wakimbizi pekee. Wenyeji wa Turkana, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, nao husimuliwa na wageni, na mara nyingi kwa habari za ukame na njaa tu. Nimepata kutazama filamu ambamo mzee wa Kiturkana alizungumza kwa dakika nzima, na tafsiri yake ikawa sentensi moja. Yaliyobaki yalikwenda wapi?

Yafaa pia tukumbuke kwamba miaka ya mwanamichezo ni michache. Kijana aliyefunzwa mbio peke yake, akiumia goti, hubaki na medali ukutani na hadithi isiyo na msimulizi.

Shule zetu zina mlango tayari: tamasha la kitaifa la drama na filamu. Napendekeza walimu wa Lodwar na Kakuma wawaunganishe wanafunzi wenyeji na wakimbizi, watengeneze filamu kuhusu wanariadha wao, kwa lugha zao, pamoja na tafsiri kamili ya Kiswahili. Simu ya mkononi yatosha kuanzia. Kinachohitajika ni mwalimu atakayemwambia mwanafunzi kwamba aliyemaliza mbio bado ana neno la kusema, na kwamba neno hilo ni haki yake kulisema mwenyewe.