Mgeni Mwenye Motokaa

Liko swali ambalo wenye hoteli na viongozi wa kaunti hulijibu upesi mno. Je, mgeni ajaye Kisumu kupumzika, akiwa na motokaa yake mwenyewe, hutoka katika ua wa hoteli akaiona nchi? Jibu lao ni kwamba hutoka. Mtu mwenye magurudumu manne, wasema, hafungwi na ukuta; mpe barabara ya lami, naye atajiendea kila mahali panapostahili kuonwa. Insha hii inalikana jibu hilo. Nasema kwamba motokaa peke yake haimtoi mtu uani. Kwamba wengi wa wageni wetu huubeba ua wa hoteli wakatembea nao njiani. Na kwamba katika wageni wote wa dunia, mwenye motokaa ndiye mwenye udhuru mdogo kuliko wote.

Tutazame kwanza mahali ambapo ua ulijengwa kwa makusudi. Mwaka 1955 Walt Disney alifungua bustani yake ya michezo na maajabu katika mji wa Anaheim, California. Haukupita muda mrefu kabla ya hoteli, maduka na migahawa ya watu wengine kuota kando ya wigo wake kama uyoga baada ya mvua, ikilisha na kulaza wageni waliovutwa na bustani ile. Jambo hilo halikumpendeza. Kampuni yake ilipotaka kujenga bustani ya pili, katika jimbo la Florida, ilinunua ardhi ya zaidi ya eka 25,000, ili jirani wa bustani awe ni bustani yenyewe. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, Disney mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Tena, tangu mwaka 2005 hata mwanzo wa mwaka 2022, wageni waliolala katika hoteli za kampuni walichukuliwa bure kwa basi kutoka uwanja wa ndege wa Orlando. Bure ni neno tamu. Lakini mgeni asiye na motokaa hula penye meza iliyo karibu naye, na meza iliyokuwa karibu ilikuwa ya kampuni. Simlaumu mfanyabiashara kwa kufanya biashara. Nataka msomaji aone jambo moja tu: aliyeujenga ua alijua vyema kwamba motokaa ni mlango.

Kwetu Afrika ya Mashariki mambo ya namna hiyo yako pwani. Katika baadhi ya hoteli za Diani, Watamu na Nungwi, mgeni hulipia kitanda, chakula na vinywaji vyote kabla hajafika. Hushuka katika ndege, akapakiwa katika gari la hoteli, akapita vijiji vyenye majina asiyoyasikia, akatiwa uani. Hukaa humo juma zima, kisha hurudishwa kwa njia ile ile. Watu humcheka kwamba alifika Afrika asiione. Mimi namhurumia. Hajui lugha, hajui njia, hana chombo, aliwekwa alipowekwa.

Mgeni wa Kisumu ni mtu mwingine kabisa. Aghalabu ni Mkenya mwenzetu. Amesafiri kilometa zipatazo 350 kutoka Nairobi, akapita Nakuru, akapita mashamba ya chai ya Kericho, akateremka hata bonde la Kano. Anasema Kiswahili. Mafuta ni yake, usukani ni wake, na siku ni zake. Hakuna basi lililomchukua kwa nguvu. Basi afanye nini? Huingia hotelini siku ya Ijumaa jioni. Jumamosi hula samaki, hupiga picha machweo ya jua penye ziwa, na kama ana watoto huwapeleka kuwatazama swala katika hifadhi iliyo kando ya mji. Jumapili hurudi alikotoka. Motokaa imelala uwanjani siku mbili, imeoshwa, haikwenda popote.

Na hata ile inayokwenda hupita Otonglo.

Otonglo ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Busia, mbele kidogo ya uwanja wa ndege. Hakuna ukuta, hakuna lango, hakuna mlinzi wa kukuuliza jina. Wanawake wamepanga nyanya na vitunguu kwa mafungu. Omena wamemwagwa juu ya magunia. Vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakibishana habari za mpira na siasa, na yeyote apitaye aweza kuingia katika ubishi huo bila kualikwa. Mtu akitaka kujua ziwa lilitoa nini jana, na bei yake imepanda au imeshuka, hapa ataambiwa kwa usahihi kuliko popote. Nimesimama hapo mara nyingi siku za mapumziko ya Desemba nikizitazama motokaa zenye namba safi zikipita. Vioo vimefungwa juu, upepo baridi unavuma ndani, watoto wameinamia simu. Dereva hupunguza mwendo kwa sababu ya tuta la barabarani tu. Hilo ndilo nililolisema hapo mwanzo: ua wa hoteli umetiwa magurudumu.

Watetezi wake husema, “Asimame kwa nini? Otonglo pana nini cha kutazama?” Swali hili hunichosha, kwa maana huulizwa na mtu asiyewahi kusimama. Lakini tulijibu. Mbele ya Otonglo, penye njia panda ya Kisian, barabara moja hushika upande wa Maseno. Huko msitari wa Ikweta huikata barabara, na huko iko shule iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo imelea watu wengi wakubwa wa nchi hii. Barabara ya pili hushika upande wa Bondo. Katika hiyo, katika nchi ya Seme, liko jabali la Kit Mikayi: mawe makubwa yaliyopandana moja juu ya jingine hata yakawa marefu kama jumba la ghorofa nyingi. Maana ya jina lake ni jiwe la mke mkubwa. Husimuliwa kwamba mzee mmoja alilipenda jabali hilo hata akawa anashinda katika pango lake kila siku, na mkewe akimpelekea chakula huko. Watu walipomwuliza mke mume wake yu wapi, alijibu kwamba yuko kwa mke wake mkubwa. Hata leo wako watu waendao kusali chini ya mawe hayo. Kutoka hotelini mpaka hapo ni mwendo wa chini ya saa moja. Mtu aliyeweza kuendesha kilometa 350 ili alale, hushindwa na 30 ili aone.

Upande wa kusini wa ghuba, karibu na Kendu Bay, liko ziwa dogo la Simbi Nyaima. Hadithi yake husimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini kiini chake ni kimoja. Palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na karamu. Akaja bibi kizee mgeni, akaomba hifadhi, watu wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Usiku ule maji yakakizamisha kijiji kizima, akasalimika yule mwema na watu wake. Wajaluo wameifundishia hadithi hiyo wajibu wa mwenyeji kwa mgeni kwa vizazi vingi. Ningependa mtu atutungie nyingine, ya mgeni aliyekaribishwa na nchi nzima naye akaikataa, akakaa chumbani. Sijui ni maji gani yangelifaa kwa huyo.

Zaidi ya hapo, katika kaunti ya Migori, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila udongo wala saruji, nazo zimesimama kwa karne nyingi. Mwaka 2018 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wale waliojenga ua ule walikuwa na sababu ya kujifungia: adui na wanyama wakali. Mgeni wetu anajifungia kwa kumwogopa nani?

Hapo najua nitajibiwa kwa hasira. Mtu huyu, wasema, ametumika mwaka mzima. Amelipa fedha zake ili apumzike, hakulipa ili asomeshwe jiografia. Naikubali nusu ya maneno haya bila ubishi. Mgonjwa na apumzike, mzee na apumzike, mama aliyechoka na alale mpaka adhuhuri. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na yule arudiye Nairobi akajifanya shahidi. “Kisumu nimefika,” asema, “nawajua watu wa kule.” Aliowajua ni mpokezi wa wageni, mhudumu wa meza na mlinzi wa lango, watu watatu wanaolipwa mshahara ili watabasamu. Kwa ujuzi huo yeye huajiri, hupiga kura, hufundisha watoto wake. Katika nchi nyingine jambo hilo lingekuwa la kuchekesha. Katika nchi yetu si la kuchekesha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuawa na kufukuzwa makwao kwa sababu ya kabila, na Kisumu ulikuwa miongoni mwa miji iliyoungua. Sisemi kwamba fungu la nyanya lililonunuliwa Otonglo lingeuzima moto ule. Nasema kwamba kuwajua wananchi wenzetu kupitia kioo kilichofungwa ni hatari ambayo tumekwisha kuilipia mara moja.

Yako pia maneno ya haki upande wa mgeni, nami sitayaficha. Husimama mahali, akazungukwa na vijana kumi, kila mmoja akidai kuwa kiongozi wa njia. Huuliza bei, akaitazamwa motokaa yake kwanza, ndipo bei ikatajwa. Mtu akitendewa hivyo mara mbili, mara ya tatu hafungui kioo, wala siwezi kusema kwamba ni mjinga. Kosa hilo ni la wenyeji, na ni la kipumbavu, maana humfukuza mnunuzi wa miaka kumi kwa faida ya siku moja. Dawa yake si ngumu: bei iandikwe juu ya ubao, na kazi ya kuongoza wageni iwe ya watu wanaojulikana, kwa zamu. Lakini hata hivyo udhuru huu ni mdogo kuliko unavyopigiwa kelele. Mgeni huyo huyo hudanganywa bei katika maduka ya Nairobi kila mwezi, na hajaacha kwenda dukani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hupambwa katika kuta za hoteli, nami hujiuliza mwenyeji anayetajwa ni nani. Hoteli huwaajiri wapishi, wafagiaji na madereva, na baadhi yao ni vijana wa Otonglo. Haki yake naipa. Lakini tuseme Jumamosi moja motokaa 20 zisimame sokoni, na kila moja iache shilingi 300. Hizo ni shilingi 6,000. Katika hoteli kubwa fedha hizo huenda zisitoshe chumba kimoja kwa usiku mmoja. Sokoni zingegawanyika katika mikono mingi kabla ya jua kutua: ya mwenye ndizi, ya mwenye omena, ya kijana aliyeonyesha njia. Neno otonglo lenyewe lilikuwa jina la sarafu ndogo katika vinywa vya Wajaluo. Soko halimwombi mgeni utajiri wake, linamwomba chenji.

Namalizia na wale wasemao kwamba barabara itatosha. Mnamo Mei 2022 Kisumu uliupokea mkutano mkubwa wa miji ya Afrika. Barabara zilitengenezwa, taa zilitundikwa, hoteli zilijaa. Yalikuwa mambo mema. Lakini barabara nzuri ina tabia moja ambayo wajenzi hawaisemi: humsaidia mtu kupita kwa kasi kama vile inavyomsaidia kufika. Lami hiyo hiyo impelekayo mgeni Otonglo ndiyo impitishayo Otonglo asijue kwamba amepita. Kibao cha kuonyesha jabali, mahali pa kuegesha motokaa penye kivuli, choo safi kando ya soko: vitu hivi ni vya bei ndogo mno mbele ya bei ya kilometa moja ya lami, na bila hivyo dereva hana pa kusimama hata akitaka.

Wasomaji wangu wengi hamna motokaa bado. Lakini mna basi la shule, nalo lina dirisha na lina tabia ile ile. Huwafikisha katika jumba la makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, mkalitazama boma la Kijaluo lililojengwa humo ili litazamwe, mkaandika katika madaftari, mkarudi mkiimba. Kisha basi hupita mbele ya maboma yenye watu ndani yake bila kupunguza mwendo. Safari ijayo mwombeni mwalimu basi lisimame Otonglo robo saa. Wenye njaa wanunue ndizi, na mmoja wenu aulize njia ya kwenda Kit Mikayi, hata kama anaijua.