Si Ulafi, Ni Maradhi

Wapo wanaodai kwamba kijana anayekula kupita kiasi hahitaji tiba, anahitaji adabu. Napinga dai hilo, na lawama nyingine natuelekezea sisi wanafunzi wa Kiswahili. Jina tunalompa kijana huyo ni mlafi au mroho, na yote mawili ni matusi.

Mlafi hupenda chakula. Mgonjwa ninayemzungumzia hula kingi kwa muda mfupi, mara nyingi kwa kujificha, hawezi kujizuia hata akishiba, kisha hujichukia. Madaktari wa akili wa Marekani waliyatambua haya kuwa maradhi yanayojitegemea mwaka 2013. Nchini Uingereza, mwongozo wa NICE wa mwaka 2017 unapendekeza tiba ianze kwa mgonjwa kujisaidia mwenyewe kwa kufuata mafunzo maalumu, huku msaidizi akimfuatilia kwa vikao vifupi. Vijana nao hupewa tiba hiyohiyo.

Mafunzo hayo yanaweza kupita kwenye intaneti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2008 uliwahusisha vijana 105 wa sekondari. Waliofuata programu ya wiki 16 walipunguza vipindi vya kula bila kujizuia.

Kuna watakaosema simu si daktari. Ni kweli, na ndiyo maana msaidizi anahitajika. Na kijana anayejitapisha au anayewaza kujiua apelekwe hospitali mara moja. Lakini mwenye aibu atathubutu kusoma peke yake kabla ya kuthubutu kusema mbele ya mtu.

Na atasoma nini? Kwetu Uganda ushauri anaoupata ni mmoja: acha kula. Ushauri huo humzidishia maradhi, kwa sababu anayeshinda njaa mchana huvamia chakula usiku. Tiba humfundisha kinyume chake: ale milo 3 na vitafunio kwa saa maalumu, aandike alichokula na alivyojisikia. Mafunzo haya yanahitaji Kiswahili kinachoeleweka, chenye posho na maharage ya shule ya bweni.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Atayafichuaje maradhi ambayo jina lake ni tusi? Walimu wetu, tusaidieni kulisanifu jina. Mimi napendekeza "maradhi ya kula bila kujizuia". Wenzangu, kila muhula tunatafsiri hotuba za wanasiasa darasani. Muhula ujao tutafsiri mafunzo haya.