Hakimiliki Si Turubai la Kufunika Wizi



Leo hatuandiki juu ya mgao wala juu ya foleni ya maji. Tunaandika juu ya video yetu ya dakika nne iliyozimwa, na juu ya vijana 12 waliopoteza pesa wakati video hiyo iko gizani.

Wengi mnaikumbuka ile "kozi". Matangazo yalibandikwa kwenye miti, kwenye vibanda vya kuchajia simu, hadi kwenye mlango wa kanisa. Kozi ya kompyuta, miezi mitatu, cheti kinachotambulika, na laptopu ya bure kwa atakayemaliza. Ada ya kujiandikisha shilingi 30,000 tu. Wenzetu wakalipa. Mmoja aliuza mahindi ya mwezi mzima. Dada mmoja aliuza simu yake, eti atapata laptopu, simu ya nini tena? Wiki ya tatu mlango ukafungwa kwa kufuli, na aliyechungulia dirishani aliona chumba kitupu, hata kiti hakuna.

Tukafanya kazi yetu. Tuliwarekodi wanne waliokubali kuongea, tukawaficha nyuso, tukaonyesha risiti zao. Kwa sekunde sita tukaonyesha lile tangazo, ili mtu akiliona mahali pengine alitambue. Tukaiweka YouTube, tukashea linki kwenye magrupu ya WhatsApp.

Siku ya tano video haipo. Ujumbe unasema imeondolewa kwa sababu ya dai la hakimiliki. Dai la nani? La mtu ambaye jina lake hatujawahi kulisikia. Kazi gani tuliyomwibia? Lile tangazo. Karatasi iliyobandikwa kwenye kila mti ili kila mtu aisome, tukiionyesha sisi inakuwa wizi!

Mwenye kozi akahamia upande wa pili wa kambi, akabandika karatasi zilezile. Vijana 12 wakalipa. Tulipoongea nao baadaye, mmoja alituambia neno ambalo bado linatuuma: "Mimi si mjinga. Kabla ya kulipa nilitafuta jina lao kwenye simu. Sikuona kitu kibaya."

Hakuona kwa sababu kilikuwa kimefichwa.

Sasa tueleze hii kitu inavyofanya kazi, maana wengi wanafikiri video ikiondolewa ni lazima mwenye video alikosa.

Mitandao mikubwa tunayotumia ni ya Marekani. Huko kuna sheria ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA. Inasema hivi kwa kifupi: mtumiaji akiweka kazi ya mtu mwingine, kampuni ya mtandao haitabebeshwa mzigo, mradi ikipata taarifa iiondoe haraka. Sheria nyingine ya nchi hiyo inailinda kampuni dhidi ya maneno ya watumiaji wake. Mtu akisema "hawa wamenisingizia", kampuni kwa kawaida inaweza kumwambia aende mahakamani. Lakini akisema "hawa wamechukua kazi yangu", kinga ile haipo tena, na kampuni inaogopa. Ikiiondoa video haipotezi kitu. Ikiiacha inaweza kushtakiwa. Basi inaondoa kwanza, maswali baadaye.

Mmeona mlango ulipo? Mwizi anayetaka kuficha habari zake hahitaji kuthibitisha kwamba tumesema uongo. Hawezi, kwa sababu hatukusema uongo. Anachohitaji ni kujaza fomu na kudai karatasi ni yake.

Msidhani ni sisi wa kambini tu tulioonewa. Mwaka 2003 nchini Marekani, kampuni ya mashine za kupigia kura iitwayo Diebold iligundua kwamba barua pepe zake za ndani, zinazozungumzia kasoro za mashine hizo, zimewekwa mtandaoni na wanafunzi wa chuo cha Swarthmore. Haikusema barua ni za uongo. Ilisema ni mali yake kwa hakimiliki, ziondolewe. Wanafunzi walikwenda mahakamani. Mwaka 2004 jaji aliamua kwamba Diebold ilidai kitu ikijua si kweli, na kampuni ikalipa dola 125,000. Fikirini hapo: zilikuwa habari za kura za wananchi.

Mwaka 2013, BuzzFeed ilichapisha nyaraka kuhusu serikali ya Ecuador kununua vifaa vya upelelezi. Kampuni ya Hispania iitwayo Ares Rights ilituma dai la hakimiliki, na nyaraka zikaondolewa kwenye tovuti zilipohifadhiwa. Serikali nzima, eti inalinda kazi yake ya sanaa!

Na mwaka 2021, mjini Oakland, afisa wa polisi aliyekuwa akirekodiwa na wananchi alitoa simu yake akapiga wimbo wa Taylor Swift kwa sauti. Hakuwa anaburudika. Alisema wazi kwamba warekodi wanavyotaka, ila anajua video haitawekwa YouTube. Alijua mashine itasikia wimbo, itazima video, na kazi yake itafichwa na muziki wa mtu mwingine.

Kuna ujanja mbaya zaidi, na huu tuusome polepole. Mtu analipa wataalamu wa "kusafisha jina". Wanachukua habari mbaya iliyoandikwa juu yake, wanainakili neno kwa neno kwenye tovuti ya uongo waliyoifungua wenyewe, kisha wanaiandikia tarehe ya nyuma ili ionekane ilitangulia. Halafu wanamwandikia Google: huyu mwandishi ametuibia makala yetu. Mwandishi wa kweli anageuzwa mwizi wa kazi yake mwenyewe! Kule Chuo Kikuu cha Harvard kuna mradi uitwao Lumen unaohifadhi nakala za madai ya namna hii. Mtafiti wake alionyesha mwaka 2022 kwamba madai zaidi ya 30,000 yalifuata mtindo huohuo wa tarehe ya nyuma. Mwaka uliofuata, waandishi wa mtandao wa Forbidden Stories walichambua karibu nyaraka 50,000 za kampuni ya Hispania iitwayo Eliminalia, iliyohudumia wateja wapatao 1,500. Miongoni mwao walikuwemo watu waliohukumiwa au kuchunguzwa kwa makosa ya jinai. Kumbe kuficha uchafu ni biashara, ina bei yake na wateja wake.

Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Huku mtandaoni mwongo amerefushiwa njia, na aliyeirefusha ni sheria iliyotungwa kulinda wasanii.

Hapa tusieleweke vibaya. Hatupingi hakimiliki. Tuna wasanii humu kambini wanaorekodi kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, na nyimbo zao zinachukuliwa na watu wa mjini bila hata shukrani. Wenye picha wetu wameona picha zao kwenye mabango ya watu bila jina lao. Hao wanahitaji sheria iwalinde. Ndiyo maana tunakasirika: kila dai la uongo linafanya dai la kweli la msanii wetu lionekane kelele.

Na tukiri letu pia. Video yetu ya kwanza kabisa tuliitilia wimbo wa msanii maarufu, bila ruhusa, kwa sababu ulikuwa mtamu. Mmoja wetu akatustua, tukautoa kabla ya kuiposti. Huo ungekuwa wizi wetu, na mtu angekuwa na haki ya kulalamika.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa kuliko yote. Watu wa mashirika wanatuambia: "Si mna haki ya kupinga? Tumeni notisi ya kupinga." Ndiyo, haki ipo kwenye karatasi. Lakini soma masharti yake. Unaandika jina lako kamili, anwani yako na namba yako ya simu. Unakubali kushtakiwa katika mahakama ya Marekani. Unaapa, ukijua kudanganya chini ya kiapo ni kosa. Halafu hiyo fomu yako inapelekwa kwa nani? Kwa yuleyule aliyelalamika!

Na yeye anaapa nini? Kiapo chake kinagusa jambo moja tu, kwamba ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya mwenye kazi. Mizani gani hiyo?

Kwa mtu wa mjini anwani ni kitu cha kawaida. Kwetu sisi anwani ni zone, bloku na namba ya nyumba. Mtu akiwa nayo anafika hadi kwenye turubai unalolala na wadogo zako. Kuna wenzetu waliokimbia kwao kwa sababu jina lao lilikuwa kwenye orodha ya mtu mwenye bunduki. Mmoja wa waliotengeneza ile video, alipoiona fomu, aliizima simu akasema: "Nilikimbia ili wasijue niko wapi. Leo niwaandikie mwenyewe?"

Hatukumlazimisha. Nani angemlazimisha?

Tulizunguka wiki tatu tukitafuta msaada, hadi wakili mmoja wa kujitolea akakubali kutuma notisi kwa niaba yetu, kwa anwani ya ofisi yake. Mlalamikaji hakujibu hata neno moja. Lakini hata usipojibiwa, sheria inampa mlalamikaji siku 10 za kazi au zaidi kabla video haijarudi. Yetu ilirudi wiki ya sita. Hao 12 walikuwa wameshalipa. Kwa tapeli, wiki sita zinatosha kabisa. Hahitaji kushinda, anahitaji muda tu.

Kwa hiyo tunasema haya.

Kwa kampuni za mitandao: mtu akidai hakimiliki juu ya video inayomtuhumu kwa utapeli, mpeni binadamu aitazame kabla ya kuizima, na awe binadamu anayeelewa Kiswahili. Msimpe mlalamikaji anwani ya mtu aliyekimbia vita. Na anayekamatwa kwa madai ya uongo mara kwa mara, akaunti yake ifungwe, kama mnavyofunga chaneli zetu tukifikisha maonyo matatu ndani ya siku 90. Msituambie haiwezekani. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Uingereza, Oliver Hotham, alichapisha majibu ambayo kikundi kimoja kilimtumia chenyewe kama taarifa kwa waandishi, kisha kikundi hichohicho kikadai hakimiliki. Kampuni ya WordPress.com ilisimama naye mahakamani, na mwaka 2015 walipewa zaidi ya dola 25,000. Mkitaka, mnaweza.

Kwa serikali zinazotuhifadhi: Kenya ilitia utaratibu wa madai haya kwenye sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Mtoa huduma ana saa 48 za kuzima kinacholalamikiwa, na kutuma dai la uongo kumeandikwa kuwa kosa. Vizuri. Lakini adhabu isiyotumika ni pambo. Na nchi nyingine zikiandika sheria kama hiyo, zimkumbuke anayejibu akiwa hana anwani salama.

Kwa ninyi wa mashirika: mnatufundisha kila mwaka "matumizi salama ya mtandao". Asanteni. Sasa tunaomba kitu kimoja cha mkononi: anwani ya ofisi, na wakili wa kusaini. YouTube inaruhusu mwakilishi kama wakili kupinga kwa niaba ya mtu. Kwenu ni barua moja, kwetu ni usalama wa familia. Na tafadhali, msiige tabia hii. Shirika moja lilishatutaka tufute picha ya darasa linalovuja, eti nembo yao inaonekana ukutani. Nembo si tatizo, wandugu. Tatizo ni paa.

Kwa sisi vijana: tutumie picha zetu, sauti zetu, na tusiweke wimbo wa mtu. Tukionyesha karatasi ya tapeli, tuionyeshe kwa sekunde zinazotosha na tuseme kwa nini. Faili la mwanzo likae kwenye simu mbili na kadi moja. Dai likija, tulipige skrinishoti kabla ya kufanya lolote, na nakala yake tuwatumie Lumen ili ibaki kwenye kumbukumbu. Na tuache kuripoti akaunti za wenzetu kwa sababu tu wametusema. Tumeona dada mmoja akifungiwa ukurasa hivyo, na waliofanya hivyo walikuwa watu wetu, hawakutoka mbali.

Ile video iko hewani sasa. Ishusheni kwenye simu zenu, mtumiane kwa blutuu hata bila bando. Wakiizima tena, iwe tayari iko kwenye simu mia. Na kijana atakayetafuta lile jina kesho, kabla ya kuuza mahindi yake, akute kitu.