Sarafu ya Kale ya Kichina: Ishike Kwanza, Ndipo Utume Pesa

Huenda umekutana na tangazo la aina hii mtandaoni: picha ya sarafu ya fedha yenye kichwa cha mzee mnene mwenye masharubu, maandishi ya Kichina juu yake, bei elfu thelathini, na ombi kwamba utume dipositi ya elfu tano leo leo maana kuna mteja mwingine anangoja.

Sarafu kama hiyo ipo kweli. Ni dola ya Yuan Shikai, rais wa Jamhuri ya China, iliyoanza kutolewa 1914. Ya kweli ina upana wa karibu milimita 39, uzito wa kama gramu 26.8, na haivutwi na sumaku. Zilitengenezwa nyingi mno, na bandia zake pia ni nyingi mno. Picha haina uzito, mzani wa sonara ndio unaoupima. Ikipita hapo bado si uthibitisho kamili, lakini ikifeli, mazungumzo yameisha.

Ndiyo maana sisi tunaohudumia malipo yako tunasema wazi, hata kama wauzaji watatununia: sarafu usiyoweza kuiweka mkononi, usiitumie hata bob.

Ukitaka kuanza kukusanya, anza na zile ndogo za shaba zenye tundu la mraba. Zilimiminwa kwenye kalibu, kisha zikatungwa kwenye kamba kama shanga. Nyingi zina herufi nne. Kwenye zile za Qianlong, herufi ya juu na ya chini zinataja enzi ya mfalme (1736 hadi 1795), halafu ya kulia na ya kushoto zinasomeka “tongbao”, yaani hela ya kutumika kote. Nyuma kuna maandishi ya Kimanchu, yanayoonyesha ilikotengenezwa. Zile za kawaida ni bei poa hata leo, kwa sababu zilikuwa hela ya sokoni ya watu wengi sana. Kwa hiyo mtu akikuambia “ina miaka mia mbili, lazima iwe ghali”, mwache aseme.

Kuna hadithi nyingine tamu zaidi, ya Manda. Ni kweli kwamba mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walipata kwenye kisiwa hicho, huko Lamu, sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyemtuma Zheng He na merikebu zake. Lakini muuzaji akidai yake pia imefukuliwa pwani, hapo ndipo uogope. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inavihesabu vitu vilivyoletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa mambo ya kale. Ukivipata unaripoti, huvitangazi mtandaoni. Basi ama anakudanganya, ama anakuuzia kesi.

Kutaneni dukani kwa sonara, mchana. Ipimwe, ikikuridhisha lipa kwa simu papo hapo, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama jina si la huyo uliyesimama naye, acha kwanza, muulize ni la nani. Na kama ulishatuma dipositi na simu yake haishiki, tupigie sasa hivi ukiwa na namba ya muamala, kabla hajazitoa kwa wakala.